Gazeti Chini ya Koti

Mtaani kwao walimwita Bi Nta, na jina hilo hakulipata kwa utamu wa sauti. Alinuka nta. Nta ya nyuki, nta ya vipande vya mishumaa, nta iliyoungulia kwenye pasi. Ilikuwa kwenye kucha zake, kwenye kitambaa chake cha kichwa, na mumewe alizoea kuwaambia watu kwamba hata mto wa kulalia wa mke wake haupitishi machozi.

Kazi yake ilikuwa kushona makoti ya mvua. Usifikirie yale ya nailoni yanayopasuka ukipiga chafya. Yake yalikuwa ya turubai la pamba, lile zito la kufunikia shehena za malori. Turubai likishachoka barabarani, alilinunua kwa madereva, akalifua, akalikata, akalishona kwa mshono wa kukunja mara mbili. Kisha alilipaka nta ya moto kwa brashi na kulipiga pasi ya mkaa mpaka nta izame ndani ya uzi. Koti la Bi Nta ukilisimamisha sakafuni lilisimama lenyewe, kama mgeni aliyekataa kiti. Waliolivaa ni wabeba mizigo wa sokoni, walinzi wa mageti, wauza maziwa na wazibua mitaro. Hakuna aliyelivaa ili apendeze. Ukilivaa ulifanana na mzigo, lakini mzigo mkavu.

Ufundi huo alifundishwa na mjomba wake, na pamoja na ufundi alirithishwa kanuni moja. Koti likiisha kushonwa, kigoda kinapinduliwa miguu juu. Koti linatandazwa juu ya ile miguu minne, mabega na mgongo vikibonyea katikati kama beseni. Chini yake linawekwa gazeti. Juu inamiminwa jagi nzima ya maji, halafu fundi anakaa chini na kunywa kikombe cha chai bila haraka. Chai ikiisha anavuta gazeti. Likiwa kavu, koti linakwenda kwa mwenyewe. Likiwa na doa, hata doa la punje ya mtama, koti linafumuliwa lote, uzi kwa uzi, na hakuna cha kubembelezana.

"Fundi anaweza kuapa mpaka mate yakauke," mjomba alikuwa akisema. "Gazeti haliapi."

Kwa miaka zaidi ya ishirini Bi Nta hakuwahi kutoa koti ambalo halikupita kwenye gazeti. Alijua kusoma vizuri, lakini watu walimtania kwamba magazeti yeye huyasoma kwa upande wa maji tu.

Koti la kwanza kulishona akiwa mke wa mtu alimshonea mumewe. Mume alikuwa mzibua mitaro wa baraza la mji. Wenzake wakikimbilia ndani kwa mvua, yeye ndiyo kwanza anatoka, na ndoano yake ndefu begani, kwenda kuvuta matambara na machupa kwenye midomo ya mitaro. Na kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana. Daktari alikuwa amemwambia asilowe. Kumwambia mzibua mitaro asilowe ni kama kumwambia samaki ajipanguse. Kwa hiyo mkewe alichagua turubai nene kuliko yote aliyowahi kuyashika, akalinywesha nta mara tatu. Mgongoni palibaki tarakimu moja ya namba ya lori, saba nyeupe kubwa kama sahani. Kuanzia siku hiyo kazini wakamwita Saba, na yeye akalikubali jina, akaliitikia. Miaka ishirini na miwili Saba alitoka kwenye mvua na kurudi na shati kavu.

Sasa, wakati wa kiangazi kimoja, mwanamke mmoja mwenye duka la nguo kwenye barabara kuu alimwona mbeba mizigo amelala juu ya mkokoteni wake, amejifunika koti. Akamwamsha kumuuliza koti kalitoa wapi. Mbeba mizigo akadhani anashitakiwa, akamtaja Bi Nta upesi.

Mwanamke alifika kwenye kibanda cha Bi Nta na miwani ya jua juu ya nywele, kana kwamba jua lilikuwa linamchoma utosini. Papo hapo mshona viatu wa kibanda cha pili akamtunga jina, Bi Miwani, na jina likashika.

"Mama, ni wewe unayetengeneza haya?" aliuliza, akipapasa ukosi wa koti lililoning'inia mlangoni.

"Ndiyo mimi. Unataka la mlinzi wako?"

"Nataka thelathini. Ya dukani kwangu. Vijana watayagombania." Akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama koti kama mtu anayetazama picha ukutani. "Mama, haya ni mazuri. Wewe ni msanii, unajua?"

Hapo ndipo paliponasa mguu wa Bi Nta, wala tusimsingizie tamaa. Kwa miaka yote ile watu walikuwa wamemwambia kwamba koti lake ni zima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba ni zuri.

"Ila usipake nta," Bi Miwani aliendelea. "Inanuka, na inaacha alama kwenye viti vya gari."

"Bila nta ni gunia hilo."

"Basi nishonee magunia yenye ukosi. Na uyasugue kwa jiwe, yaonekane yamefanya kazi. Na mifuko uishone mdomo."

"Mtu ataweka wapi mkono?"

"Mifuko ni ya kutazamwa, mama."

Mshona viatu alikuwa amesikia yote. Bi Miwani alipoondoka akachungulia. "Shemeji, mimi mwakani nitashona viatu visivyo na tundu la kuingizia mguu. Vya kutazamwa."

"Wewe vyako tayari vinatazamwa tu," Bi Nta alimjibu. "Nani amewahi kuvivaa mpaka jioni?"

Siku mbili baadaye Bi Miwani alirudi, safari hii nyumbani, kukubaliana vipimo. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Upande huu cherehani, upande ule kitanda. Koti la Saba lilikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Bi Miwani alipoliona aliliendea moja kwa moja, akapitisha kidole juu ya ile namba.

"Hili," alisema. "Hili ndilo. Hii saba! Hili lina maisha."

"Lina mwenyewe pia," Bi Nta alisema.

"Niazime wiki mbili tu. Nilivalishe sanamu ya dirishani, watu waone asili yake. Halafu nalirudisha kwa mkono wangu."

Saba alikuwa ameketi kitandani akipaka ndoano yake mafuta. Bi Nta akamgeukia. "Unasemaje, baba watoto?"

"Jua hili, nalivalia nini? Mpe likapate hewa." Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi, kama kawaida yake. "Litarudi na maringo, uone. Litakataa kuingia mtaroni."

Likaondoka mkononi mwa Bi Miwani, limekunjwa kama shuka ya hospitali.

Chini ya kitanda Bi Nta alikuwa na maturubai ya pamba, marobota mawili na kipande. Marobota yalikuwa ya wateja. Kipande, kirefu cha kutosha koti moja la mtu mzima, alikuwa amekiweka kwa ajili ya Saba, siku lile koti la zamani litakapokufa. Na turubai la pamba lilikuwa limeadimika. Malori ya siku hizi yanafunikwa plastiki. Alikata, alishona. Koti la kwanza lilipokwisha, mikono yake yenyewe ilipindua kigoda, ikatandika gazeti, ikamimina maji. Hata chai hakuwahi kuionja. Maji yalipita kama yamepewa njia, gazeti likawa uji.

Alisimama akilitazama. Kanuni ilisema lifumuliwe. Lakini hili lilikuwa koti la kutazamwa, na gazeti halijui kutazama. Akalianika, akalisugua kwa jiwe mpaka nyuzi zikatoa manyoya, akaliweka pembeni. Gazeti akalitia jikoni kuwashia mkaa. Mengine ishirini na tisa hakuyapima.

Marobota mawili yalitoa makoti ishirini na tisa. Likapungua moja. Alivuta kile kipande cha Saba, akakipima kwa mkono, akakirudisha, akakivuta tena. Akajiambia kwamba koti la Saba litarudi wiki ijayo, na likirudi lina miaka mingine kumi. Akakata. Kinyozi hajinyoi, wanasema; huyu alimnyoa mumewe akampa nywele mpita njia.

Makoti yaliuzika kana kwamba yanagawiwa bure. Kwenye jua kali, vijana walipita barabara kuu wamevaa turubai hadi magotini, jasho likiwatoka, nyuso zimekunjamana kwa fahari. Wasichana waliyavaa juu ya magauni. Bwana harusi mmoja alipigwa picha amevaa moja. Wabeba mizigo waliwatazama wakiulizana kama baraza la mji limeajiri. Bi Nta naye siku moja alikwenda kusimama mbele ya dirisha la duka. Koti la Saba lilikuwa limevaliwa na sanamu isiyo na kichwa, taa tatu zikilimulika. Lilikuwa zuri kweli. Alisimama pale mpaka mlinzi wa duka akamwuliza kama kuna alichopoteza.

Wiki mbili zilipotimia alikwenda kulichukua. "Wiki ijayo, mama. Bado linaniitia wateja." Wiki ijayo ikazaa nyingine. Mawingu yakaanza kujikusanya nyuma ya nyumba za ghorofa. Alipokwenda mara ya tatu, sanamu ilikuwa imevaa koti jingine.

"Mama, nisamehe," Bi Miwani alisema. Miwani ilikuwa imeshuka machoni safari hii. "Binti wangu wa dukani aliliuza nikiwa sipo. Mteja aling'ang'ania lile lile lenye saba. Chagua lolote hapa, bure kabisa. Chagua hata mawili."

Alinyoosha mkono kuelekea safu ya makoti yaliyobaki. Bi Nta aliyatazama, kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakuona hata moja la kumkinga kuku.

"Nani alilinunua?"

"Mama, mimi nauza nguo. Siandikishi watu."

Alichagua moja, afanye nini? Kwanza alizunguka kwa madereva wa malori akitafuta turubai. "La pamba?" wakamcheka. "Hayo yaliyobaki yule bibi wa miwani alituma watu wakayakomba yote." Akarudi nyumbani, akayeyusha nta, akalipaka lile gunia lenye ukosi mara nne. Nta haikuzama. Jiwe lilikuwa limemaliza mwili wa uzi. Nta ilikaa juu kama ukoko, na ukilikunja koti ilikatika. Hakutandika gazeti. Kuna maswali mtu haulizi kwa sababu jibu limeshaketi mezani.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mvua ilianza. Saba alilivaa koti lile, akajigeuza mbele ya mkewe.

"Nimependeza?"

"Usitoke leo."

"Mtaro ukiziba watasema nani? Watasema Saba yuko ndani na mke wake, ananusa nta." Akajitupia kipande cha nailoni mabegani, akashika ndoano. "Wewe si fundi? Kama ni la kwako, nitarudi mkavu."

Alirudi saa nane mchana akidondosha maji kama chujio. Bi Nta alimvua, akamkausha. Siku ya pili ya mvua hivyo hivyo. Siku ya nne Saba hakuweza kuinuka, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi ambayo ilisikika mpaka kwa mshona viatu.

Hospitalini daktari alimwekea chombo mgongoni, akasikiliza muda mrefu. "Nilikwambia usilowe."

"Mimi sikulowa, daktari," Saba alisema. "Koti ndilo lililolowa."

Daktari hakucheka. Kwenye korido alimwambia Bi Nta kwamba mapafu yote mawili yamekwisha shikwa, la kushoto halifanyi kazi tena. Ampe dawa, amwinue kwa mito, na asitarajie kumrudisha kazini. Bi Nta akauliza asitarajie mpaka lini. Daktari akaangalia viatu vyake.

Juma lile lile msimamizi wa baraza alikuja kuchukua ndoano. Alisimama mlangoni, aibu imemjaa, akasema ni mali ya ofisi. Saba mwenyewe ndiye aliyemwelekeza ilipo, akamkumbusha aipake mafuta.

Ilikuwa mchana, anatoka duka la dawa, mvua inapiga lami mpaka inaruka, Bi Nta alipoiona ile saba. Kijana mmoja alikuwa amejibanza chini ya kibaraza cha duka la simu pamoja na watu wengine, amegeuzia barabara mgongo. Saba nyeupe, kubwa kama sahani. Alivuka bila kutazama magari.

"Mwanangu," alisema, "mbona umejibanza, na umevaa koti la mvua?"

Kijana akajitazama. "Hili? Hili si la mvua, mama. Hili ni la kuvaa tu. Likilowa linaharibika."

Watu wawili watatu wakacheka.

"Na hiyo saba mgongoni ni ya nini?"

"Wanasema ni namba ya bahati."

"Ni namba ya lori. Turubai lake nililikata mimi mwenyewe. Hilo koti ni la mume wangu, na halikuuzwa na mwenyewe."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njiani, kwa wiki hizo zote, alikuwa amepanga maneno: ya kuomba, ya kutukana, ya kuapiza. Kijana alimtazama usoni, kicheko kikamwisha, akaanza kujivua.

"Chukua tu, mama. Hata hivyo limeshapitwa. Sasa hivi watu wanavaa mabuti ya mpira, yale ya machinjioni. Bi Miwani ameshayapanga dirishani." Akamkabidhi, akajipangusa mikono. "Samahani, lakini mimi sikuiba."

Bi Nta alinyoosha mikono kulipokea. Alilishika koti, na mikono ikajua kabla ya kichwa. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa laini kama kanga kuukuu.

"Ulilifua?"

"Mara nyingi. Lilikuwa linanuka vibaya. Maji ya moto na sabuni ya unga. Mwisho tukaliloweka kwenye dawa ya kutoa madoa, siku mbili."

Alishukuru. Alilelewa vizuri, ukipewa unashukuru.

Nyumbani Saba alikuwa ameinuliwa kwa mito mitatu, uso umekuwa mdogo. Alipoliona koti alitabasamu. "Limerudi kutoka Ulaya yake," alisema. "Limekonda. Halikupewa chakula huko?"

"Kaa kimya, usimalize pumzi."

Aliyeyusha nta yote iliyokuwa ndani, mpaka mshumaa wa akiba. Akapaka, akapiga pasi, akapaka tena. Akaliacha usiku kucha na asubuhi nzima lishike. Halafu akapindua kigoda katikati ya chumba, akalitandaza, mabega na mgongo vikabonyea kama beseni. Akamimina jagi.

"Umeweka gazeti?" Saba aliuliza nyuma ya pazia.

"Nimeweka."

"Na mimi nipe chai. Usitie sukari nyingi, nisije nikafurahi."

Wakanywa, yeye huku, mume kule, pazia limefunuliwa nusu. Nje mvua ilikuwa juu ya mabati. Bi Nta alikunywa polepole kuliko siku zote za maisha yake. Kikombe kilipobaki na tone moja akaongeza maji ya moto, kitu ambacho mjomba asingekiruhusu. Mwisho hakukuwa na cha kuongeza. Akavuta gazeti.

"Linasemaje?"

Angeweza kusema lolote. Saba asingeinuka kuja kutazama. Hakuwa na uwezo huo. "Limelowa," alisema.

"Wapi?"

"Kila mahali. Mabegani, mgongoni. Chini ya saba ndipo limetoboka kabisa."

Kikohozi kikapita. "Basi kanuni unaijua."

"Hakuna turubai la kushonea jingine, baba watoto. Nilikata kile kipande chako. Niliwakatia wao."

"Najua. Nilikusikia ulivyokivuta na kukirudisha. Nilikuwa macho." Akatafuta pumzi, akaipata. "Sikuzungumzia turubai. Nimesema kanuni."

Bi Nta akachukua wembe, akaketi juu ya kigoda, akaanza kufumua. Mshono wa kukunja mara mbili haufumuki kirahisi. Alikuwa amejishonea adui mwenyewe. Alikuwa amekwisha toa mkono wa kulia na mgongo mshona viatu alipotokea mlangoni, suruali imekunjwa magotini.

"Shemeji, mtaro wa pembeni umeziba. Maji yanapanda. Yule mzibuaji mpya yuko kwenye kibaraza cha duka, anasema haingii mvuani bila koti. Huna hata kuukuu moja?"

Alimwonyesha vipande vya koti vilivyojaa mapajani. Mshona viatu akatazama, akaelewa, akaondoka bila mzaha, na hilo halikuwa kawaida yake.

Maji yalifika kizingitini baada ya muda mfupi, ya rangi ya chai, yakisukuma takataka mbele yake. Bi Nta aliuchukua ule mgongo wenye saba, akaukunja mara mbili, akauziba chini ya mlango. Uliyanywa maji vizuri sana.

"Nani amekuja?" Saba aliuliza, macho amefumba.

"Maji."

"Mwambie nimelala."

Akarudi kwenye kigoda, akaendelea na mkono wa kushoto.